Kahawa Inayokimbia Wageni

Nyumbani kwa wakwe zangu, Ijuganyondo, mgeni akiingia haulizwi kwanza anatoka wapi. Anakaa, anapumua, na kabla hajamaliza kufuta jasho analetewa kahawa ya kutafuna. Ile ya kunywa ni ya wengine. Hii ni punje zilizochumwa bado mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa mpaka zikawa nyeusi na ngumu. Mgeni anachukua mbili tatu, anazitia shavuni, ndipo maneno yanaanza. Na punje hizo haziletwi kwenye sahani wala kwenye kikombe. Zinaletwa katika akaibo, kikapu kidogo cha kuenea viganja viwili, na kikapu hicho sharti kiwe kimesukwa na mke wa nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe.

Nayasema haya mapema ili ijulikane aibu yangu ilikaa wapi. Ingekaa moyoni ningeweza kuifunika, kama watu wote wanavyofunika zao. Yangu ilipitishwa toka kiganja hadi kiganja, kila aliyekuja kutusalimu akaishika.

Mimi ni mtoto wa Izigo. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na baba hakuoa tena. Watu walimwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu, nyumba bila mwanamke haikai." Alijibu kwamba yake imekaa tangu jana, labda itakaa na leo. Alinipikia ndizi, akanichana nywele, akanipeleka shule mpaka darasa la nne. Shuleni mwalimu wetu wa kike alitufundisha kudarizi vitambaa vya meza. Mpaka leo naweza kudarizi ua zuri la waridi na majani yake, ingawa nyumbani kwetu hatukuwa na waridi, wala meza ya kuwekea kitambaa. Vikapu hatukufundishwa. Nadhani walijua kila msichana hujifunza kwa mama yake, jioni, bila hata kuambiwa kwamba anajifunza.

Mimi jioni nilikuwa na baba. Baba alisuka matenga, vile vikapu vikubwa vya fito vya kubebea kahawa wakati wa mavuno, na kwetu hiyo ni kazi ya wanaume. Alianza kila tenga kwa kuzipishanisha fito zake chini kama msalaba, kisha akaniita niukanyage kwa kisigino ili zisiteleze, naye akawa anazungusha. Mimi huku nimekanyaga naimba, naota, nautazama mgomba nikiufanya meli ya Mwanza inayokuja kunichukua. Fito zikitikisika baba ananiambia, "Kanyaga, mwanangu, usicheze ngoma." Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kusuka, na nilivyokuwa mjinga niliyaona yanatosha.

Kisha nikaolewa.

Kwetu Buhaya bibi arusi, yaani omugole, hafiki leo akashika jembe kesho. Anakaa ndani. Analishwa, anapakwa samli, anafichwa macho ya watu mpaka ang'ae. Na kwa ukoo wa mume wangu, akiwa humo ndani anasuka akaibo chake cha kutoka nacho. Siku ya kutoka anawakaribisha watu kahawa kwa kikapu hicho, na toka siku hiyo ndicho cha nyumba yake mpaka kiishe chenyewe. Hakibadilishwi, hakitupwi, hakiazimwi. Ulichotoka nacho ndicho chako.

Mama mkwe alikuja na ukindu chini ya kwapa. Mwingine ulikuwa na rangi yake ya asili, mwingine ulikuwa umezikwa kwenye tope la bondeni mpaka ukawa mweusi. Aliweka na konzi ya nyasi laini na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha.

"Unajua kusuka?" akaniuliza.

"Najua, Mama."

Sikusema uongo kabisa. Nilijua kusuka. Ila kitu nilichokijua si kile alichokiuliza, nami nililihisi hilo wakati uleule mdomo ukiwa bado wazi. Lakini ningesema sijui, angeuliza, "Kwa nini hujui?" Na jibu la swali hilo lilikuwa baba yangu. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu, sijaonyesha hata kama naweza kumenya ndizi. Nilishindwa kuanza kwa kumwaibisha baba.

Akaibo nilikuwa nimeviona vingi kwenye nyumba za watu, lakini kutokea juu, mahali punje zinapokaa. Chini sikuwahi kutazama. Nikajisemea, kikapu huanzia chini, na chini ndiko ninakokujua. Basi nikachukua vipande vya ukindu mgumu, nikavipishanisha kama msalaba, nikavikanyaga kwa kisigino kama nyumbani. Kisha nikaanza kuzungusha nyasi na kuzishona kwa ukindu, nikitoboa kwa ile spoku.

Nisiseme uongo, nilifurahi mle ndani. Nilipenda yale mafuta, nilipenda kiza chepesi cha nyumba ya nyasi, nilipenda kusikia watu wakipita nje wasinione. Niliweka pembetatu nyeusi kuzunguka ubavu, zikawa mawimbi ya ziwa. Nikaota mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, amepotea njia akaingia kwetu, akala kahawa, akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani fanya hii?" Ile spoku ilinitoboa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mkono unaoshikilia, mara nyingi mpaka kikawa kama chekeche. Kikapu kiliinama upande mmoja. Nikakisukuma, kikainama upande wa pili. Nikakiambia, "Mimi pia mgeni hapa. Tutazoea."

Siku ya kutoka walikuja wanawake wa jirani, na wifi yangu aliyeolewa Rubafu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nyasi mpya zilikuwa zimetandazwa sakafuni, zinanukia. Nilitoka nimejifunika, nikapiga magoti, nikakinyoosha kikapu changu kwa mikono miwili mbele ya wifi.

Punje zote zikakimbilia upande ulioinama. Nyingine zikaruka ukingo, zikapotelea kwenye nyasi.

"Eee!" akasema wifi. "Kahawa ya kwetu leo inakimbia wageni!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana ilichekesha kweli. Kisha wifi akamimina punje zilizobaki mapajani mwake, akakipindua kikapu.

Sikuwa najua kwamba hivyo ndivyo wanawake wanavyofanya. Kama mtu anayenunua kitambaa anavyogeuza kuona upande wa ndani, ndivyo wao wanavyogeuza akaibo kuona kitovu chake. Kitovu ni pale katikati, mahali pa kuanzia. Aliyefundwa vizuri huanza na uzi mmoja tu wa nyasi uliojiviringisha kama konokono, mdogo, umebana, huoni mwanzo wala mwisho.

"Jamani, njooni muone," akasema wifi. "Huku chini kuna msalaba."

"Msalaba?"

"Msalaba kabisa! Omugole amekuja na Ijumaa Kuu yake."

Bibi mmoja mwenye macho hafifu akakivuta, akapapasa kwa kidole gumba. "Hiki si akaibo," akasema taratibu. "Hili ni tenga. Tenga limezaa."

Hapo wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Wifi akaniinamia, si kwa ubaya, akanifuta samli kidogo kwenye paji la uso.

"Nani alikufunda, mwali?"

"Baba."

"Baba! Mwanaume amefunda kusuka akaibo! Na kunyonyesha je, alikufunda nani? Babu?"

Kilikuwa kicheko cha watu walioshiba, siku ya furaha, na kwao kiliisha palepale walipofuta machozi. Lakini mimi nilikuwa nimemwona baba yangu ameletwa katikati ya wanawake wale, ameinamishwa kichwa, anazungukwa. Yeye alikuwa Izigo anapalilia migomba yake, hajui. Mimi ndiye niliyemleta, chini ya kikapu.

Mama mkwe hakucheka, wala hakuwakataza. Alikuwa anapapasa nyasi, anaokota punje moja moja.

Basi maisha yakaendelea, na kikapu kikaendelea nayo. Jumapili baada ya ibada ndiyo ilikuwa siku mbaya. Walutheri wenzetu walikuja kwa makundi, nami nikapiga magoti mbele ya kila mmoja na kile kitu kilichoinama. Wenye adabu walikinga kiganja pembeni mapema, kama mtu anayemchukua mtoto anayejifunza kutembea. Wasio na adabu waliniita Mama Tenga kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Mzee mmoja alizoea kuuliza, "Leo tunachukua wenyewe au tunasubiri zianguke?" Kila nilipocheka uso uliwaka. Nilijifunza kukishika kwa kukiinamisha kinyume ili kionekane kimenyooka, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mume wangu alikuwa mbeba magunia kwenye bohari la kahawa bandarini, na jioni alirudi ananukia magunia. Nilimlilia siku moja. Akafikiri sana, maana ni mtu mwema.

"Punje ikianguka," akasema, "bado ni kahawa, au siyo?"

Nikaona kwamba huyu hawezi kunisaidia.

Aliyenisaidia ni mama mkwe, na hakusema kwamba ananisaidia. Alasiri moja, kazi za shambani zikiwa zimekwisha, alikaa nyuma ya nyumba na ukindu wake akasema, "Lete mikono." Nikaleta. Akanionyesha kitovu. Unachukua nyasi chache, unazilowesha, unazikunja kichwa kirudi kwenye mkia, unaufunga ukindu mara ya kwanza kwa kuvuta mpaka kidole kiumie. "Hapo hapo," alisema. "Ukilegeza hapo, hakuna wa kukunyooshea mbele." Vitovu vyangu vya kwanza vilikuwa kama vidonda. Alivitupia kuku. Nikaanza tena, akatupa tena, wala hakunikaripia, alikuwa anatupa tu kama mtu anayepepeta maharage. Mpaka siku moja akakishika kimoja, akakigeuza, akanirudishia. Kikapu kilichotoka kwenye kitovu hicho kilisimama. Ukikiweka kwenye jamvi kinakaa kama mtu aliyealikwa.

"Basi, Mama," nikasema, furaha imenijaa mpaka kooni, "kile cha zamani tukichome?"

Alinitazama kama niliyeomba kumchoma mbuzi wa jirani.

"Hicho kipya ni cha chumvi," akasema. "Cha kahawa unacho."

Ndipo dereva wa lori la kahawa akatuletea salamu kutoka Izigo: baba yangu atakuja kunitembelea, mara tu akimaliza kuanika kahawa.

Siku nyingine zote ningerukaruka. Siku hiyo nilikwenda kukaa migombani. Malori yale yalibeba magunia, na juu ya magunia walipanda watu, na watu walibeba maneno. Kama utani wa Mama Tenga ulikuwa umefika kwa wifi huko Rubafu na kurudi umenenepa, ungeshindwaje kufika Izigo? Nilimwomba Mungu iwe haujafika. Na kama haujafika, basi asikione kikapu. Nilitaka baba yangu akae kwenye kiti cha wakwe, ale kahawa kutoka kikapu kilichosimama, arudi kwake akijua kwamba binti yake amelelewa kama mabinti wengine na hakuna kilichopungua. Sikuwa na haja na kitu kingine duniani. Hata ile meli ya Mwanza niliiacha iende.

Nilimwambia mama mkwe. Nilipiga magoti, nikasema yote, hata lile la "najua" nililomjibu siku ya kwanza.

"Hilo nililijua," akasema. "Ulijibu haraka mno."

"Siku moja tu, Mama. Siku yake tu, niweke kahawa kwenye kile cha chumvi."

Aliendelea kuchana ukindu kwa ukucha.

"Siku hiyo nitakuwa nje nampokea mkwe wangu," akasema mwisho. "Mtu aliye nje haoni kinachotolewa chagani."

Baba alifika mchana, amevaa kanzu nyeupe na lile koti lake la kijivu la kwenda kwenye mazishi na harusi. Mkononi ana mkungu wa ndizi, kwapani ana furushi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilipomwona pale mwanzo wa shamba nilikuwa mtoto tena, nikakimbia, nikakumbuka kwamba mke wa mtu hakimbii, nikatembea, nikakimbia tena. Alicheka. Alionekana mdogo kuliko nilivyomwacha.

Mama mkwe alimpokea kwa heshima zote. Wifi naye alikuwepo, alikuwa amekuja kumwuguza mtoto wake mjini, akakaa karibu na mlango. Walisalimiana, wakaulizana mvua, kahawa, wagonjwa. Mimi nilikuwa nimesimama penye kizuizi cha matete kinachogawa nyumba, nangoja kuambiwa lete.

Ndipo baba akalivuta lile furushi.

"Nimepita kwenye gulio la kwetu," akasema. Akakohoa. "Kuna mama mmoja anauza hivi vitu. Nikasema, huenda binti yangu akahitaji cha akiba. Vitu huharibika."

Akafungua majani. Ndani mlikuwa na akaibo.

Sijui kama nimewahi kuona aibu ya namna ile, na mimi ni mtu niliyezoea. Alikuwa amesikia. Utani ulikuwa umefika Izigo, ukamkuta baba yangu penye matenga yake, labda mbele ya watu. Na yeye hakunitumia neno lolote la kuniuliza. Alikuja kunifunika, kwa kanzu safi, na kisingizio ambacho hata mtoto angekiona.

"Leta kahawa," akasema mama mkwe, bila kugeuka.

Niliingia nyuma ya matete. Kule chagani, kwenye kichanja cha vyombo, vilikuwepo vyote viwili: cha chumvi, nilichokiosha na kukijaza kahawa tangu asubuhi, na kile changu, kitupu, kimeinama. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kile kizuri. Kisha nikafikiri: akiletewa hiki atakipokea, atatafuna, atasifu. Na atajua. Atajua kwamba kile kilichoanza kwa mkono wake kimefichwa chagani siku aliyokuja. Kwamba binti yake pia anamcheka, ila kwa adabu.

Nikamimina kahawa kutoka cha chumvi kwenye cha msalaba. Punje nyingine zikamwagika palepale.

Nilipotoka nacho wifi aliniangalia, akafungua mdomo, kisha akaufunga mwenyewe. Mama mkwe alitazama kikapu, akatazama nje. Nikapiga magoti mbele ya baba. Punje zikakimbia kama kawaida yake, zikamdondokea kwenye kanzu. Baba akaziokota kwanza zile za kwenye kanzu, akazitia mdomoni. Kisha akakichukua kikapu chenyewe. Hakukipindua, wanaume hawapindui, lakini kidole chake gumba kilikwenda chini peke yake, kama kinavyokwenda kwenye tenga la mtu mwingine gulioni.

Kikatulia hapo, penye msalaba.

"Hapa," akasema polepole, "uliacha kuvuta."

"Nililegeza, Tata. Mle ndani mlikuwa na kiza."

"Msalaba wenyewe umekaa. Ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Na ukacheza ngoma."

"Kidogo."

Akatikisa kichwa, anatafuna. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto ulioshikilia kikapu. Kidole cha shahada kilikuwa kimetobolewa vitundu vidogo, vingine vikavu, vingine bado vyekundu. Mikono ya baba naijua. Ina makovu ya panga na ya fito, marefu. Vitundu vile havitoki kwenye fito. Mimi nilikuwa navyo miezi ile ya mwanzo, kwenye kidole kilekile.

Mama mkwe alikuwa ameshakichukua kikapu cha zawadi, na kama mwanamke mwingine yeyote alikuwa amekipindua. Alikitazama muda mrefu. Kutoka nilipopiga magoti nilikiona kitovu chake. Mtu aliyekisuka alikuwa amejaribu kuanza kwa konokono, ikamshinda, akarudi kwenye anachokijua. Katikati palikuwa na msalaba mdogo, uliofunikwa kwa ukindu mwingi ili usionekane.

"Huyo mama wa gulioni, waitu," akasema mama mkwe, "ni wa wapi?"

"Wa... ni wa pale pale Izigo. Upande wa chini."

"Ana mikono mikubwa."

"Ndiyo," akasema baba. "Ni mwanamke mkubwa."

Akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti. Wifi alikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kitu, na mama mkwe akamgeukia. Wifi akasimama, akasema anakwenda kutazama ndizi jikoni, na kweli alikwenda.

Nilibaki nimeinama. Baba yangu, mwanaume wa Izigo anayejulikana kwa matenga yake, alikuwa amejificha nyuma ya nyumba na spoku ya baiskeli, akisuka kitu cha wanawake, akisikiliza kama kuna mtu anapita. Na siku zilezile mimi nilikuwa huku, nyuma ya nyumba nyingine, nasuka kitu ambacho baadaye nilitaka kumfichia nacho aibu yetu. Niliona haya kwa ajili yake, kisha nikaona haya kwa sababu nimeona haya kwa ajili yake.

"Hiki nakichukua mimi," akasema mama mkwe. "Mwanangu anacho chake." Akamimina punje chache kutoka kikapu changu kwenye kile cha baba, akakiweka mbele yake kwenye jamvi. Kiliinama, kwa upande uleule wa changu. Akachukua punje moja akatafuna, wakaendelea na habari za mvua.

Alasiri nilimsindikiza mpaka barabarani kungoja lori. Tulikaa kwenye ukingo wa nyasi. Watu walikuwa wanapita wakitoka mjini, na wengine walinijua, nikawasikia, "Mama Tenga, hujambo? Huyo ni mzee?" Nikajibu ndiyo, ndiye mzee. Baba alisikia lile jina. Alitazama miguu yake.

Kisha akasema, akiwa bado anatazama miguu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua:

"Pale katikati. Mwanzo wenyewe. Wanawake huwa mnafanyaje? Mimi naona nyasi zinafunguka."

Nilitazama barabara pande zote mbili. Nasema kweli, nilitazama kwanza. Wanawake wawili walikuwa wanakuja na mitungi. Kisha nikang'oa nyasi penye ukingo, nikazilowesha kwa mate, nikasogea karibu naye mpaka magoti yetu yakagusana.

"Unakunja kichwa kirudi kwenye mkia, Tata. Hivi. Sasa vuta. Vuta zaidi, mpaka kidole kiumie."

Alivuta. Zikafunguka. Wale wanawake walitufikia, wakapunguza mwendo, wakatazama mzee mwenye koti akishikishwa nyasi na binti yake. Mmoja akacheka. Baba alitaka kuuficha mkono mfukoni, nami nikakishika kidole chake kilichotoboka, nikakibana juu ya ile nyasi ili isifunguke. Uso wangu uliwaka, na wake nao ulikuwa unawaka, nilihisi joto lake.

"Usilegeze," nikamwambia. "Waache wapite."

Lori lilipokuja kitovu kilikuwa bado hakijakamilika. Alipanda juu ya magunia amekibana kati ya vidole viwili, na mkono mmoja tu ndio uliobaki wa kunipungia.